Mbio Zilizopita Mlangoni kwa Mama

Dada yangu Dorcas amekimbia Nairobi, amekimbia Addis Ababa, amekimbia mpaka Ulaya kwenye baridi ya kupasua midomo, na mama yetu hakuwahi kumwona hata siku moja. Si kwamba alikosa nafasi. Hakutaka. Runinga ya jirani ilipokuwa ikimwonyesha Dorcas na bendera mabegani, mama alikwenda kulisha kuku.

Ubishi wao ulianza zamani. Sisi ni Wasukuma; mtoto wa kike akikutana na mtu mzima njiani husimama, akapiga goti, akasalimia kwa utaratibu mpaka habari za ng'ombe ziishe. Dorcas akitumwa dukani aliwapita wazee kama mbuzi aliyekata kamba. Wakawa wanakuja nyumbani kulalamika, na aibu ikawa ya mama. Dorcas akaja kuwa mkimbiaji wa taifa, akastaafu, akawa mwalimu wa michezo huko Butimba, lakini mama akimtambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mwalimu," basi. Mbio hazitajwi. Jambo hili liliniudhi mimi kuliko mwenyewe, maana Dorcas ni mpole, na mimi Justa huo upole sikujaliwa.

Mwaka jana Mwanza ikaamua kuwania uenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mjini hakukuwa na habari nyingine. Saluni kwangu Buzuruga, wateja walikuwa wameshapanga wageni watalala wapi na watalishwa samaki sato wa namna gani. Wakaguzi wangekuja kutazama njia, na kamati ikataka wanariadha wa zamani waikimbie mbele yao, ionekane kwamba vilima vyetu vinapandika. Dorcas akaitwa. Na njia yenyewe, kwa bahati tu, ilipanda Kiseke na kupita mbele ya nyumba ya mama.

"Uenyeji tupewe tusipewe, shauri yao," Dorcas aliniambia. "Mimi nataka mama anione mara moja tu. Miaka inakwenda, Justa."

Nikaenda kumbembeleza mama. Akanijibu kwamba hana muda wa kutazama watu wazima wakikimbizana. Nilikasirika, nikamwambia kama hataki kutoka basi afunge na dirisha kabisa. Asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta nje kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kanisani, anachambua mchele. Nikaona nisimuulize kitu.

Wakaguzi walisimama karibu na uzio wetu pamoja na kamati, saa mkononi. Wakimbiaji wakatokea bondeni, Dorcas mbele, na nyuma yake Getruda mwenye fulana nyekundu, ambaye wameshindana naye tangu usichana na mpaka leo wakikutana harusini hutazamana miguu kwanza. Nikamwangalia mama. Mchele alikuwa ameuacha.

Dorcas alipofika usawa wa mlango, akasimama. Nasema akasimama, mbele ya wakaguzi na saa zao. Akapiga goti akasema, "Mwangaluka, mayu," ile salamu yetu ya asubuhi kwa mama. Mwenyekiti wa kamati akashika kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo machozi yananitoka.

Mama akaitikia polepole, kama inavyotakiwa. Nikajua sasa ataanza kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Badala yake akanyoosha shingo kutazama njia.

"Inuka," akasema. "Yule mwenye nyekundu anakuja."

Dorcas akachomoka. Mama naye akasimama, ungo ukaanguka, kuku wakauvamia mchele, yeye hana habari. Ameshika uzio, anamfuata mwanawe kwa macho mpaka anapotelea kilimani. Getruda hakumpata.

Uenyeji tuliukosa. Mji ulinuna, na wapo waliosema kwa utani kwamba kilichotuponza ni lile goti la Dorcas. Mwenyewe alicheka tu. Jioni ya siku ya tangazo tukaenda kumwambia mama, tukidhani kwake ni habari ya kupita. Uso ulimkunjamana.

"Kwa hiyo hawaji?"

"Hawaji, mama."

"Sasa mimi nitakuona wapi tena ukikimbia?"

Dorcas akachuchumaa mbele yake. Mtu aliyepanda majukwaa ya kila namna, sasa yuko chini miguuni kwa mama.

"Jumamosi asubuhi," akasema. "Nitapita hapa hapa."

"Uje na Getruda," mama akasema. "Ukikimbia peke yako nitajuaje kama umeshinda?"