Panya Weupe Katika Bwawa la Ubatizo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu cha makopo matupu ya rangi ya viatu, nikaambiwa niyapeleke shule ya msingi na niyarudishe yakiwa yamejaa. Yajae nini? Choo cha watoto. Nilikuwa nimetoka Nairobi kusomea ufundi wa maabara, nina koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa mara mbili, na nilidhani nitakaa juu ya stuli nichungulie hadubini mpaka saa ya chai. Mkuu wa Maabara pale Kitui mjini, mzee mnene asiyecheka, alinitazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Binti, koti hilo litundike," akasema. "Ugonjwa hautakuja kukutafuta hapa ndani. Utaufuata wewe, na uko chooni."

Nikalitundika. Nasema haya kwa sababu vijana wa siku hizi mkiniona nimekaa na bakora yangu mnadhani kazi yetu ilikuwa ya mchezo. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni, barabara ni vumbi tupu, na mimi mwanamke peke yangu kwenye landirova na kikapu changu cha makopo. Watoto walinicheka wakaniita Mama Choo. Nikawaambia, chekeni tu, lakini kesho kila mtu aje na chake, asiazime cha jirani. Maana waliazimana, wale watundu!

Ugonjwa tuliokuwa tukiufuata ni kichocho. Sisi kwetu mtoto akivimba tumbo na kutoa choo cha damu watu walisema amekula maembe mabichi. La. Yai la kichocho hutoka kwenye choo au mkojo, likifika majini huanguliwa, kidudu chake kikaingia ndani ya konokono mdogo wa maji. Humo kinazaana, halafu wanatoka wengi sana wakati jua limewaka, wana mkia wa panda, hawaonekani kwa macho ya kawaida. Hao ndio wanaokutoboa ngozi. Si lazima unywe maji, kutia mguu tu kunatosha. Kwenye kioo nililijua yai la kichocho cha tumbo kwa mwiba wake wa ubavuni. Lile la kichocho cha mkojo mwiba wake uko mkiani. Mkuu wa Maabara alinifanya nichore yote mawili mpaka nikayaota usingizini.

Kutoka Kitui nilihamishiwa Kabati, nikajifunza kuvua konokono kwa upawa wa wavu wenye mpini mrefu, nimevaa gambuti zilizonizidi mguu. Kisha, miaka ya sabini, nikapelekwa Kikima, juu kule Mbooni, kwenye utafiti mkubwa wa bonde zima la mto: chemchemi za milimani, mifereji ya mashamba, mabwawa, mpaka chini ambako mto wote ni mchanga na maji yamejificha chini yake. Tulitaka kujua watu wanaambukizwa wapi hasa, majira gani na saa ngapi, ili serikali ikitoa dawa isiitupe ovyo. Nilifurahi sana, maana Kikima ni kwetu. Mama yangu alikaa mteremko mmoja tu chini ya soko.

Aliyetuongoza tulimwita Daktari Mkuu. Alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi, mrefu, mpole, na hakupenda haraka hata kidogo. Zamani, mahali pengine, aliwahi kutoa habari kabla hajamaliza kazi. Bwawa likafungwa, watu wakakaa na kiu msimu mzima, na mwishowe ikaonekana bwawa halikuwa na kosa. Basi kila tulipomkimbilia na jambo alisema, "Hiyo ni nusu ya jibu. Nileteeni nusu ya pili."

Moja ya vituo vyetu ilikuwa bwawa dogo chini ya kanisa. Pana mwamba unaozuia maji, majani yamejaa kandokando, na ng'ombe hunywea upande wa chini. Konokono niliwapata hapo wa kujaza kofia. Niliwatia kila mmoja kwenye kichupa cha maji safi, nikaviweka juani, na haikupita muda maji yakaanza kuchezacheza wale wadudu wa mkia wa panda. Daktari Mkuu akasema vizuri, lakini konokono kuwa na wadudu ni jambo moja, na mtu kuambukizwa pale anaposimama ni jambo lingine. Tulete panya.

Panya wale walikuwa weupe, wa maabara, wametoka Nairobi. Unawatia kwenye vizimba vya waya vyenye maboya, vinaelea huku miguu na mikia ikiwa majini, wakati wa jua kali. Halafu unawarudisha, unawalisha majuma kadhaa, kisha unawapasua uone kama wale wadudu wamegeuka minyoo kwenye mishipa ya ini. Kundi la kwanza la bwawa lile lilikuwa na minyoo, karibu wote. Tukatia kundi la pili kuhakikisha.

Sasa sikilizeni. Mama yangu, mjane, alikuwa amekataa kanisa miaka mingi. Wakimwita alijibu, "Mungu ananijua, hana haja ya kunilowesha." Kisha akaugua ugonjwa mrefu, moyo ukabaki dhaifu, na alipoinuka kitandani akasema ameahidi. Akakaa darasa la ubatizo pamoja na wasichana wa umri wa wajukuu zake, akakariri kila kitu, akashona gauni jeupe. Kanisa letu halinyunyizi maji, linazamisha mtu mzima mzima. Ubatizo ulipangwa Jumapili moja ya Agosti, baada ya ibada, jua likiwa utosini. Na ulipangwa katika bwawa lile lile.

Dawa ya kichocho ya siku hizo haikuwa hii yenu ya kumeza mara moja ukaenda zako. Ilikuwa kali, mtu mzima mwenye afya alitapika na kuona kizunguzungu. Daktari Mkuu mwenyewe aliwakataza wenye moyo mbovu wasipewe. Kwa hiyo mama akiambukizwa, sina cha kumpa. Niliogopa, siwafichi.

Kabla sijajua nifanye nini, Pastor akaja kwenye nyumba tuliyopanga sokoni, ameshika kizimba kinachodondosha maji.

"Dada Nduku, hii ni nini?"

"Ni panya, Pastor."

"Naona ni panya, sijapofuka. Wanafanya nini ndani ya maji ya Bwana?"

Daktari Mkuu hakuwepo, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema lolote mpaka kundi la pili lipasuliwe. Nikasema ni kazi ya utafiti. Lo! Afadhali ningenyamaza. Jumapili hiyo Pastor akatangaza kwamba mtoto wa Mkristo asishike kopo letu mpaka kanisa lielezwe panya wanatafuta nini ubatizoni. Jumatatu makopo yote yakarudi matupu, yanang'aa. Na mama naye, nilipopita kumsalimu, ananiambia huku anapepeta mahindi, "Kumbe panya wako wamebatizwa kabla yangu!"

Nilicheka, nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Mkuu.

"Niruhusu niwaambie," nikasema.

"Nduku, tuna nusu ya jibu. Ukisema leo watahamia maji mengine, na kazi ya mwaka itavurugika. Na kama tumekosea?"

"Daktari, mama yangu anaingia kwenye hayo maji Jumapili ijayo."

"Basi mwambie mama yako asiingie."

"Na wale wasichana?" Sauti ilinipanda, na alikuwa mkubwa wangu. "Hao niwaambie nini? Wasubiri nusu ya pili wakiwa ndani ya maji?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Nilijua amekasirika, nikajiambia kazi imekwisha, nitarudi kulima. Kisha akasimama. "Twende kanisani. Lakini utasema wewe. Kikamba changu ni cha kununulia ndizi tu."

Tulikutana siku ya Jumatano, kanisa limejaa, mama amekaa nyuma na wanafunzi wenzake. Niliweka hadubini mezani karibu na dirisha, nikamwita Pastor achungulie. Akainama. Akakaa hapo, akakaa. "Wanacheza," akasema hatimaye, polepole. Nikawaeleza habari ya konokono, habari ya panya wa kwanza, na nikawaambia wazi kwamba wa pili bado. Wazee walichungulia mmoja mmoja.

Mmoja wao akasimama. "Hata Yordani ilipimwa na nani? Watu walibatizwa wakaenda zao."

Watu wakacheka. Damu ikanichemka. "Mzee, hata Naamani mwenye ukoma hakuambiwa aoge popote," nikamjibu. "Alichaguliwa mto!"

Hapo wakacheka zaidi, na Pastor mwenyewe akaficha mdomo kwa Biblia. Lakini akarudi kwenye shida yake. "Tufanye nini basi? Tungoje mvua ya Novemba? Hawa wameiva sasa." Daktari Mkuu akasema kuna dawa ya kutia bwawani ikaua konokono, nikatafsiri. Lakini inaua samaki pia, na wenye ng'ombe, wakiogopea mifugo yao, wakakataa palepale. Kisha Daktari Mkuu akanigeukia, kwa Kiswahili.

"Yale mashimo ya mchangani, huko chini ya mwamba. Tumewahi kupata konokono?"

"Hata ganda moja. Konokono anataka majani na mwanga. Maji yakipita mchangani yeye anabaki nyuma, na wadudu wake wanachujwa."

Nikawatafsiria watu. Pastor akakuna kichwa. "Shimo la kuteka ndoo nalijua. Shimo la kuzamisha mtu?"

"Kwani mwethya umekufa?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma. Mwethya ni kazi yetu ya kusaidiana, kijiji kizima kikatoka na majembe bila kulipwa. "Tumechimba mifereji mlima mzima, tutashindwa na mchanga?"

Ijumaa na Jumamosi wakachimba. Wanaume ndani ya shimo, wanawake na karai za mchanga kichwani, wanaimba. Kuta zilipoporomoka walizikaza kwa fito zilizosukwa na magunia, wakakata ngazi, wakazungusha miiba mbuzi wasiingie. Maji yakapanda taratibu, ya baridi, yakaanza kutulia. Mimi nilichota ndoo baada ya ndoo, nikachuja, nikaangalia kwa lenzi na kwa hadubini, jioni na tena alfajiri ya Jumapili. Sikuona kitu. Daktari Mkuu alikuja akasimama kando yangu.

"Ukisema ni salama, ni jina lako," akaniambia. "Si langu."

"Liandike," nikamjibu. Nilikuwa nimeyatazama maji yale.

Wasichana walitangulia. Ilipofika zamu ya mama, akashuka ngazi akishikwa mkono, gauni likafunguka juu ya maji, maji yakamfika kiunoni. Pastor akaweka mkono mgongoni mwake, akainua mwingine, akafungua kinywa. Mama akamsukuma kidogo, akageuka kunitafuta katikati ya watu.

"Nduku! Umeyapima?"

Huku kwetu mama anaitwa mwaitu. "Nimeyapima, Mwaitu."

"Si kuambiwa? Umeyaona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

"Haya, Pastor. Nizamishe."

Akazama, akainuka anatema maji, watu wanaimba, na neno lake la kwanza baada ya ubatizo likawa, "Baridi! Panya wako ulikuwa unawapa ya moto!" Nililia pale mbele ya watu, sioni haya kusema.

Jumatatu makopo yakarudi yamejaa. Panya wa pili walipopasuliwa walikuwa na minyoo kama wa kwanza, na Daktari Mkuu akaniita nione mwenyewe. Alinisogezea stuli tu. Utafiti ukakamilika, vyoo vikachimbwa, majani ya bwawani yakafyekwa kila msimu. Baadaye nilihamishiwa Nunguni, nikawa msimamizi, na miaka ya themanini dawa mpya ikaja, laini, tukatibu shule kwa shule. Nilistaafu miaka ya tisini katika Makueni hii hii, nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mama nilimpima kila mwaka mpaka mwisho wake, naye akinung'unika kila mara nilipompa kopo. Sikupata yai hata moja. Alikufa mzee sana, kwa moyo wake ule ule.

Wataalamu vijana bado hunipitia wakitoka mtoni. Nawapenda, wana vyombo vizuri, wana haraka. Wananiambia maji ya mahali fulani ni salama, watu wanaweza kuyatumia. Mimi nauliza lile nililoulizwa na mama akiwa ndani ya shimo: umeyapima? Umeyaona mwenyewe? Anayesita, au anayesema aliambiwa na mwenzake, simgombezi. Nampa sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ale ashibe, kisha namrudisha mtoni.