Baraka Chini ya Injini

Jumamosi jirani yangu wa mtaa wa Mutanga Nord, fundi wa magari, alifunga winchi ya mnyororo kwenye boriti ya banda lake la nyumbani. Akaning'iniza injini ya lori, kisha akamwita mchungaji aje kubariki mtambo kabla ya kazi.

"Pasteri, kuja hapa chini, uweke mukono."

Mchungaji alitazama injini, akatazama boriti ya mbao. Boriti ikalia. Akarudi nyuma polepole mpaka getini.

"Apana, ndugu yangu. Mungu anasikia hata toka huku."

Akaomba kwa sauti, jicho moja wazi. Fundi hakungoja amina: alishusha injini, akaenda kutafuta nguzo za chuma za kuishikilia boriti.

Siku hizi nikialikwa kwenye baraka, kwanza natazama mchungaji amesimama wapi.