Nilimwambia Mtoto Amesahau Harufu ya Mama Yake

Sauti ambayo haijanitoka masikioni ni ya mtoto akinusa mkate. Alinusa mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili taratibu, mara ya tatu kwa nguvu, kama mtu mwenye mafua anayelazimisha pua ifunguke. Kisha akanitazama, akitaka nimjibu.

Nikamdanganya, ndugu zangu. Naandika hapa kwa sababu uso kwa uso sijaweza kumwambia mtu yeyote.

Mimi ni binti wa Tanga, shule niliishia kidato cha pili. Nilikuja huku Maryland, Marekani, na ndoto kubwa kuliko begi langu: kuwa mpishi wa harusi, Waswahili wa eneo zima wasimtafute mwingine. Ndoto ikisubiri, nililea watoto wawili mji wa Rockville. Wakati wa kisa hiki Maja alikuwa na miaka minane, mdogo wake Nils mitano. Waliniita Dada. Wazazi wao ni watu wa Sweden.

Mama yao nilimkuta hai. Desemba yake ya mwisho tulioka naye mikate ya sikukuu yao ya Lusia, mikate ya njano iliyoviringwa kama herufi S, na zabibu kavu kila upande. Akiwa mgonjwa, amekaa kwenye kiti, kilemba kichwani, alitia zafarani kwenye maziwa ya uvuguvugu, akamvuta Maja ainuse. Mwezi wa pili akafa.

Aliacha pakiti mbili ndogo za karatasi za zafarani ya unga, za kutoka kwao, ndani ya kopo la chai. Desemba iliyofuata hakuna aliyekuwa na moyo wa kuoka. Desemba ya pili baba yao akasema, "Jumamosi tuoke. Za Mama zitumike."

Wiki hiyohiyo, mama mmoja wa mji wa Bowie, huku huku Maryland, alikuwa anaozesha binti yake. Nitamwita Mama Warda. Alitaka kuonja biriani yangu kwanza.

"Sikia binti," aliniambia kwenye simu, "wapishi wa huku wananiletea wali wa rangi wanauita biriani. Mimi nanusa kwanza, ndipo nakaa."

"Kwangu utanusa tangu kwenye maegesho, Mama Warda."

"Maneno unayo. Lete Jumatano tuone."

Jumatano, watoto wakiwa shule, nikapika jikoni kwa bosi kwa ruhusa yake. Nyama imeiva, wali umefika, nafungua mkoba: zafarani yangu nimeiacha nyumbani kwangu. Na Mama Warda ananisubiri.

Nikafungua kopo. Nilijiambia natumia moja. Harufu ilipopanda nikaongeza ya pili, mpishi mzima kichwa kimevimba. Halafu, ili pakiti zisionekane tupu, nikazijaza manjano, ile bizari ya kawaida kabatini. Ijumaa ningenunua zafarani kwenye duka la Wairani, nibadilishe, hakuna ambaye angejua.

Mama Warda alinusa, akakaa. Kazi nikapata.

Alhamisi ikaanguka theluji, shule zikafungwa. Baba yao alikuwa juu, kwenye mikutano ya kompyuta. Maja akashuka na kopo mkononi.

"Dada, tuoke leo. Baba amekubali."

"Si tulisema Jumamosi?"

"Pakiti moja leo, moja Jumamosi. Leo kuna theluji!"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema tu, Maja, nimeitumia, nisamehe, tusubiri. Badala yake nikapasha maziwa.

Na tulicheka, hilo ndilo linaloniuma. Nils alitengeneza wake mrefu, akaupachika zabibu tatu.

"Wangu ni nyoka."

"Nyoka gani ana macho matatu?" Maja akamuuliza.

"Amemla mwenzake. Hajamaliza."

Mikate ikatoka ya njano, inang'aa. Maja akachukua mmoja, akanusa mara zile tatu.

"Dada, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo harufu ya Mama. Ya Mama ilikuwa kama asali. Kama asali na majani makavu."

Nyumba ile pua ilikuwa yangu tu. Baba yao alipoteza uwezo wa kunusa tangu alipougua korona, Nils alikuwa mdogo mno kukumbuka. Yule mtoto hakuwa na shahidi mwingine duniani ila mimi.

"Ndiyo yenyewe, mpenzi," nikamwambia. "Ulikuwa mdogo. Umesahau."

"Nimesahau?"

"Ndiyo. Hutokea."

Hakulia. Aliurudisha mkate kwenye trei, akaupanga sawa na wenzake. Jioni, baba yao akila na kusifia, Maja akamuuliza, "Baba, kama harufu nimeisahau, sauti yake nitaisahau lini?"

Yule baba aliacha kutafuna. Mimi nikainama kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa nilinunua zafarani ya kweli, nikaitia kwenye pakiti iliyobaki. Nilidhani Jumamosi itafuta kila kitu. Maja akagoma kushuka. "Oka na Nils," alisema nyuma ya mlango. "Mimi sijui tena inavyotakiwa kuwa." Baba yake akasema tusimlazimishe, hatukuoka.

Tangu hapo hakumtaja mama yake tena mbele yangu, ila mara moja. Walipohama kurudi kwao, uwanja wa ndege, alinikumbatia akaninong'oneza, "Dada, uendelee kumkumbuka Mama. Wewe hujasahau."

Nilipika harusi ya Bowie, nikasifiwa. Zikafuata nyingine mbili, kisha nikaacha. Kila nikiloweka zafarani namwona mtoto kaegemea meza, ananisubiri nimjibu. Sasa nafanya usafi ofisini, ndoto nimeikunja.

Desemba iliyopita baba yao aliniandikia kuwa Maja hukaa chumbani kila mikate ile ikiokwa kwa bibi yake. Kwa hiyo bado hajajua. Alikuwa sahihi, na bado anadhani alikosea.

Nyie mnaolea watoto wa watu, na wa kwenu pia: ukivunja, sema umevunja. Ukila, sema umekula. Utafukuzwa, utatukanwa, yatapita. Lakini usimwambie mtoto kuwa anachokijua hakijui ili wewe upone. Kuiba kwangu kulikuwa pakiti mbili. Uongo ule bado anauishi.

Jana nilimwandikia Maja barua, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kurasa mbili. Nilimwandikia kila kitu, na kwamba asali na majani makavu ndiyo yenyewe. Leo asubuhi kabla ya kazi nilikwenda peke yangu kwenye sanduku la posta la barabarani, nikaitumbukiza. Nikapiga hatua tatu, nikarudi, nikavuta kifuniko cha sanduku tena kuhakikisha kuwa barua imeangukia ndani.