Turbo Mbili na Wivu wa Anatole

Kwa miaka kumi na moja Anatole alikuwa fundi wa mashua ya kubeba pamba ziwani, pale Baraka, na hakuna aliyembishia kuhusu injini. Mwaka 1957 kampuni ikamleta Eugène kutoka shule ya ufundi ya Albertville, na meneja akaanza kusema, "Muulizeni Eugène." Hata Adolphine, mke wa Anatole, alimsifu akipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo: "Ule kijana anajua kusoma sana." Anatole akasukuma sahani.

Siku moja turbo ya mashua, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ilipasuka. Zikaagizwa katalogi mbili, na Eugène akazifungua mezani. Turbo moja iliandikiwa hadi kilo kumi na nne za hewa kwa dakika, nyingine ishirini na nne.

"Injini yetu inakula kumi na moja," akasema. "Tukamate ya ishirini na ine. Hewa mingi, nguvu mingi."

Meneja akampigapiga begani.

Wenzake walipokwenda kula, Anatole alibaki na katalogi. Chini ya mchoro kulikuwa na maneno madogo ya Kifaransa. Akayafuata kwa kidole. Turbo kubwa ikipitisha hewa chini ya kilo kumi na tatu, hewa hurudi nyuma; na injini yao ilikula kumi na moja tu. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Akafunga katalogi, akanyamaza.

Turbo kubwa ilifika baada ya miezi minne. Safari ya kwanza, karibu na kijiji cha Swima, injini ilibweka, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Mawimbi yakaitupa mashua kwenye mawe. Robota la pamba likamwangukia Idi, mpishi, likamvunja mkono.

Eugène alisimama mbele ya wafanyakazi wote. "Kosa ni yangu. Sikusoma mpaka chini."

Hiyo ndiyo aibu aliyoingojea Anatole. Lakini watu walimtazama Eugène kwa heshima, na Anatole akamwonea wivu hata kwa hilo.

"Mi niliona," akasema ghafla. "Nilisoma, nikanyamaza. Nilikuwa na wivu juu yako."

Hakuna aliyemsifu. Alihamishiwa kwenye malori ya kampuni kule Fizi, na Idi hakumwitikia salamu mwaka mzima.

Turbo ndogo ilipofungwa, Eugène alimwita Anatole kutoka Fizi aje aikague. Alisimama kando ya injini muda mrefu, akitafuta kasoro. Hakuipata.

"Iko muzuri," akasema, akageuka kurudi kwenye malori.