Uso wa Mama Mkwe Ndani ya Plasta

Jamani, aibu hii niliapa sitaisimulia, lakini Mocímboa nzima inaijua kasoro nyinyi, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi natengeneza sanamu za kioo. Nachonga umbo kwa nta ya nyuki, nalifunika plasta, ikikauka naipasha moto nta itoke yote, kisha kwenye ule uwazi najaza vipande vya chupa, naingiza kwenye forno, tanuri langu, viyeyuke viwe kioo kimoja. Sasa mama mkwe wangu, Bi Saada, hakuwahi kunipenda (alitaka bintiye aolewe na mfanyabiashara wa Namoto), nikaona nimchongee uso wake, iwe surpresa, ashtukie tu zawadi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Zaituni, na hapo ndipo nilipojiponza.

Zaituni akaanza kunichunguza. Nafunga mlango wa kibanda changu cha kazi mchana kweupe, narudi na gunia la chupa za bia (naziokota tu, mimi sinywi!), na kila mama yake akija namkodolea macho, kumbe napima pua.

"Mama, njoo umwone mkweo," akamwambia. "Kuna jambo ananificha."

Wakaingia asubuhi moja bila hodi, nami ndiyo kwanza namwaga plasta. Bi Saada akajiona: kichwa chake cha nta kimelala chali, kimezama hadi masikioni, macho na pua tu juu.

"Zaituni! Mumeo ananizika mzima mzima!"

Nikababaika. "Hapana mama, sikuziki, nataka kukuyeyusha tu!"

Loo! Alipiga ukelele watu wakajaa, wengine na samaki zao mkononi, huyu anasema mlevi, yule anasema mchawi, nami nazidi kueleza kwa sauti, "Akishayeyuka akatoka, panabaki tupu, ndipo namjaza chupa!" Zaituni akafunga nguo zake, akaondoka na mama yake.

Nilikwenda kuwaomba waje waione kazi yenyewe, mwanzo hadi mwisho, mlango wazi. Nikachonga samaki. Bi Saada alikaa kakunja mikono kifuani, haniamini hata kidogo. Forno ilipopoa nikapasua plasta, akatoka samaki wa kijani anayeng'aa, Zaituni akacheka, akarudi nyumbani.

Uso wa mtu sichongi tena, siku hizi ni samaki tu, na surpresa kwa wakwe nimekoma kabisa. Lakini Bi Saada hadi leo akija anamnyanyua samaki mmoja mmoja, anamtazama machoni.

"Huyu nani?"

"Changu huyo, mama."

"Changu. Mama yake nani?"