Odile na Nyumba Isiyotaka Kuni

Shangazi yangu Odile Ouellette aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa katika nyumba ya mbao ambayo upepo wa kaskazini ulikuwa unapita ndani yake kama uko kwao. Huku kwetu bondeni, jimbo la Maine la Marekani linapoishia na Kanada kuanza, majira ya baridi hayana mzaha. Kwa miaka hamsini na mbili alilisha lile jiko la chuma kila baada ya saa mbili. Mumewe Gérard alipofariki, aliendelea kulilisha peke yake.

Msingi wa nyumba ulipooza, bintiye Lucille alimshikilia mpaka akakubali nyumba mpya, hatua mia kutoka ile ya zamani. Mjenzi ni mimi. Kuta nilizijaza pamba ya kuzuia baridi, unene wa futi nzima. Milango ikifungwa, hata pumzi haipenyi. Alitaka kitu kimoja tu: jiko la kuni. Nikamwekea dogo.

Alilitazama, akaniuliza, "Normand, hili ni jiko au sanduku la viatu?"

"Litakutosha, shangazi."

"Haya. Nikiganda, uje unichonge."

Baridi ilipoingia, akalishindilia kuni kama alivyozoea. Kufikia adhuhuri alikuwa amefungua madirisha yote, theluji ikiingia, naye kavaa gauni la kiangazi. Ili kupunguza joto akabana tundu la hewa; kuni zikawa hazishiki moto, zinafuka tu, na bomba likajaa masizi ya kunata.

Jumapili moja akanipigia simu, sauti imetulia kabisa. "Njoo uone nyumba yako inavyovuta sigara."

Nilimkuta barazani amejifunika blanketi, kengele ya moshi inalia ndani. Kumbe alikuwa anakaanga chapati za ngano nyeusi, feni ya kutoa mvuke inafanya kazi, akafungua mlango wa jiko aongeze gogo. Moshi wote ukamrudia usoni. Nilizima feni, nikafungua dirisha kidogo, moshi ukaanza kupanda bombani tena. Hapo nikajua kosa ni langu. Nyumba niliiziba mno. Feni ilikuwa inatafuta hewa, ikaivuta kupitia bomba la moshi.

"Nisamehe, shangazi. Jiko lilitakiwa kuwa na njia yake ya hewa kutoka nje."

"Ungeua mtu," alisema, akaniwekea chapati mezani.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimeshatoboa ukuta, nikaliunganishia jiko bomba lake la hewa, nikasafisha bomba. Nikamfundisha: vipande vidogo vikavu, moto mkali kwa muda wa saa moja kila asubuhi, kisha uache uzime. Joto lingebaki mpaka kesho. Alijifunza mara moja.

Sasa balaa likawa jingine. Saa tatu asubuhi kazi imekwisha. Anaketi, anainuka. Anagusa jiko, anachungulia dirishani, anarudi. Alilihamisha rundo la kuni kutoka upande wa mashariki kwenda magharibi, akaona limekaa vibaya, akalirudisha. Lucille alimnunulia nyuzi za kufuma. Alifuma soksi moja.

Mwezi wa pili nikaona moshi kwenye nyumba ya zamani. Nilikimbia, maana bomba la kule lilikuwa na ufa. Nikamkuta kavaa koti, anachochea jiko kuukuu katikati ya chumba kitupu.

"Unampashia nani joto hapa?"

Alifunga mlango wa jiko kwa ncha ya kiatu. "Kule nyumba inajiweza. Gérard alikuwa akitoka kazini, akiona moshi, anajua nipo. Kule hata nikifa leo, nyumba itabaki na joto mpaka kesho kutwa, na nyinyi hamtajua."

Nikakaa naye mpaka makaa yakafifia, kisha nikamwomba asiwashe tena pale.

"Basi lihamishe," akasema. "Msimu wa utomvu wa miti unakuja."

Tulilikokota kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, mimi na Lucille, mpaka kwenye banda lililo nyuma ya nyumba mpya. Mwezi wa tatu Odile alitoboa miti ya maple thelathini, akatundika ndoo. Utomvu wake mtamu ni mwepesi kama maji. Ndoo arobaini zinachemka siku nzima kutoa ndoo moja ya asali ya miti, na moto haupumziki. Mkupuo wa kwanza aliuunguza, akaumwaga bila kumwonyesha mtu.

Juzi nilipita. Alikuwa kiguu na njia kati ya miti na banda, nywele zimejaa mvuke.

"Umetulia sasa, shangazi?"

"Nitulie, kwani nimekufa?" akanipa ndoo mbili tupu. "Ile ya pale mwisho imejaa, inamwagika."