Mpaka Ulioachia Njia

Wageni wakija kutoka Thika na Ruiru siku za Jumamosi, hunisifia maporomoko yetu ya maji utadhani niliyaumba mimi. Nami hupokea sifa, nikatae kwa nini? Hapo juu nauza chai na nduma, vijana wetu huwashusha wageni hadi majini, na siku hizi karo hainikoseshi usingizi. Lakini shukrani zangu ziko kwa jirani yangu, mama mkongwe tunayemwita Cucu, yaani nyanya, ambaye sikuwa nimemsalimia tangu tumzike mzee wangu, baba wa watoto wangu.

Yeye na mzee wangu waligombania mpaka wa mashamba yetu miaka nenda miaka rudi. Sasa watu wa hapa Gatuanyaga tulipokubaliana kufungua maporomoko, tukafyeka, tukazoa takataka, tukachonga ngazi kwenye mwamba. Kumbe njia ni moja tu, na inapita papo hapo mpakani! Ilibidi mimi na yeye kila mmoja amege kipande cha shamba lake. Bila hivyo, jasho lote lingekuwa la bure. Wakanituma nikamwombe.

“Mimi? Wee! Tumeni mchungaji.”

“Mpaka ni wenu wawili,” wakanijibu.

Nikaenda na sukari na majani ya chai, uso nimeukunja. Cucu akanisikiliza hadi mwisho, akasema tu, “Nimesikia.” Hata chai hakunipikia! Nilinung'unika njia nzima.

Asubuhi nikasikia jembe. Kuchungulia, Ngai! Cucu anang'oa matoka, yale maua ya mpaka ambayo kwetu hayaguswi na upande mmoja peke yake. Nikatoka mbio, leso kiunoni.

“Mzee amelala kaburini ndio unatuibia, tena mchana peupe?”

Aliendelea kuchimba. Ndipo nikaona mashimo mapya. Yalikuwa ndani ya shamba lake, hatua kadhaa kutoka mpaka wa zamani. Njia nzima alikuwa ameitoa kwake. Kwangu hakugusa hata tuta moja la viazi.

“Wewe una watoto wa kulisha,” akasema akijifuta jasho. “Mimi nakula kiasi gani?”

Nilitamani ardhi inimeze.

“Utasimama hapo mpaka lini?” akanifokea. “Matoka hayapandwi na mtu mmoja. Shika ua hili.”

Nikapiga magoti, nikalishika wima, naye akafukia.